Gari la Tatu

Mei 22

Nimefika. Curtis, mtoto wa kaka yangu, ameivuta trela yangu ya kuishi kwa pikapu yake mpaka hapa kiwanja namba moja cha kambi ya ziwani, akaitua juu ya kokoto, akaisawazisha kwa vipande vya mbao, akanywa kahawa nusu kikombe akiwa amesimama. "Shangazi, mwisho wa Septemba nitakufuata," kasema, na macho yake yalikwisha kufika barabarani. Kazi ya kuvuta ilikuwa ya mume wangu Orrin miaka yote. Orrin alifariki Februari, na pikapu yake ikaondoka na bili za hospitali. Nimebaki na Buick yangu kuukuu ambayo haiwezi kuvuta hata mkokoteni.

Brenda, meneja wa kambi, kaniletea kizibao cha kijani, funguo za vyoo na kigari cha umeme cha kuzungukia. Ni mdogo sana, angeweza kuwa mjukuu wangu. Kanipa pole, kisha kanipa kadi mbili za kuegesha, za kutundika kwenye kioo cha gari.

"Moja inanitosha," nikamwambia.

"Kompyuta inatoa mbili kwa kila kiwanja, Mama Verna." Akaona haya, akatazama ziwa.

Ya pili nimeitundika kwenye msumari wa kofia ya Orrin, juu ya mlango.

Watu hufikiri mwenyeji wa kambi analipwa. Silipwi kitu. Napewa kiwanja, umeme na maji tangu theluji iyeyuke hadi majani yaanguke, na mimi nasafisha vyoo, nauza kuni na kusimamia sheria. Nyumba tuliiuza zamani. Hii ndiyo nyumba yangu, na namba moja ndiyo anwani yangu. Kwa hiyo sheria naishika kwa mikono miwili. Magari mawili kwa kiwanja, na magurudumu yote juu ya kokoto. Trela haihesabiwi, maana haina injini. Gari la tatu linakwenda kwenye maegesho ya getini, na maegeshoni hapalaliwi. Siku kumi na nne, kisha unaondoka.

Mei 23

Kambi imejaa pomoni. Sikukuu ya wanajeshi waliokufa, na kila aliye hai amekuja kuchoma soseji.

Dale Krueger kafika na gari-nyumba lake lenye urefu wa basi la shule, limeburuta jipu nyuma kama kawaida. Alikuwa daktari wa meno huko Edina, na kiwanja namba tisa cha kandokando ya ziwa hukichukua kila mwaka. Alikuwa rafiki wa Orrin wa kuvua samaki. Kanikumbatia mpaka kofia ikaanguka.

"Shemeji! Umekonda. Unakula kweli?"

"Nakula, Dale. Nawala wageni wanaokosea kuegesha."

Akacheka. Jioni mwanawe Brent akaja na pikapu na mashua. "Ni kushusha mashua tu, shemeji, dakika mbili." Pikapu imelala hapo, gurudumu moja kwenye nyasi. Orrin alikuwa anafumba jicho moja kwa Dale. Mimi mjane nimefumba yote mawili, maana mkewe ameniletea keki ya ndimu na hakuna mwingine aliyeniletea kitu.

Juni 3

Mvua. Mbu wakubwa kuliko imani yangu.

Juni 11

Namba kumi na saba, karibu na choo, imechukuliwa na watu watatu. Kijana anaitwa Cody, anaezeka mapaa kaskazini huko. Mkewe Renae anatandika vitanda kwenye hoteli moja, mwendo wa saa nzima kusini. Na mama yake Renae, Lorna, wa rika langu, ana mguu mbovu wa nyonga. Hema moja. Magari matatu: pikapu, gari dogo la Renae na vani ya bibi, kijivu, mlango mmoja wa rangi nyingine.

Hawana fimbo ya kuvulia, hawana kiti cha kukunja. Nguo za kazi zimeanikwa juu ya meza. Hawa hawajaja kupumzika. Wenyeji wa kambi tunawatambua watu wa namna hii kwa harufu ya sabuni ya kufulia.

Juni 12

Nimewaachia siku moja watulie.

Juni 13

Nimekwenda na kigari changu na kizibao changu. Nilikuwa nimejiandaa kupigiwa kelele. Afadhali ningepigiwa.

"Habari za asubuhi. Hapa naona magari matatu."

Renae alikuwa anafunga kamba za viatu vya kazi. "Tunajua, mama. Hatuna ujanja. Cody anaelekea kule, mimi kule."

"Na hilo la tatu?"

Mlango wa vani ukafunguliwa kwa kukwaruza. Lorna alikuwa ameketi ukingoni mwa godoro, nywele zimesimama, kikombe mkononi. Nyuma yake nikaona mapazia ya maua, taa ndogo, picha ya mtoto wa kike mwenye pengo la meno.

"Hilo si gari, mwenzangu," kasema. "Hicho ni chumba changu cha kulala. Bahati mbaya kina usukani."

"Kina injini vilevile."

"Ukiisikia injini yenyewe utaniombea dua."

Cody akacheka, mimi sikucheka. Nikawaeleza habari ya maegesho ya getini. Nikawaeleza kwamba huko hapalaliwi. Renae akaniuliza mama yake alale wapi basi, chini kwenye hema na nyonga ile? Nikatafuta jibu, nikapata lile ninalowapa wote.

"Sheria sikuitunga mimi."

"Najua," Renae akasema. "Hakuna aliyeitunga. Kila tunakokwenda hakuna aliyeitunga."

Vani ikaenda getini. Jioni, jua likiwa bado juu ya misonobari, nikapita maegeshoni na kuikuta imejibanza chini ya mti. Nikagonga kioo.

"Mama, hapa hapalaliwi."

"Nimekaa tu. Nasoma gazeti."

"Umevua viatu. Mtu aliyekaa tu garini havui viatu."

Akaitazama miguu yake ndani ya soksi kama ya mtu mwingine. Kisha akavaa viatu, polepole, kile cha upande mbovu mwisho, akawasha injini, kweli ilikuwa ya kuombewa dua, akatoka. Nilijisifu moyoni kwa kuwa na jicho kali. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyojisikia.

Juni 16

Anakwenda kulala mjini, kwenye uwanja wa magari wa duka kubwa la vyakula. Asubuhi anarudi kunywa chai na binti yake. Akipita mbele ya trela yangu huinua vidole viwili kutoka kwenye usukani. Huku kwetu kila mtu huinua vidole akipishana na mtu, hata na adui. Lakini kwa nini viwili? Sijui kama ananisalimu au ananihesabia magari.

Juni 19

Vidole viwili.

Juni 20

Brent na pikapu yake. Dakika mbili mpaka Jumatatu.

Juni 25

Siku zao kumi na nne zimekwisha. Wamefungasha wakaenda kambi ya upande wa pili wa ziwa. Kiwanja wamekiacha safi kuliko walivyokikuta, hata majivu wameyazoa. Nilitaka kukuta uchafu. Nilikizunguka mara mbili nikiutafuta.

Julai 2

Wamerudi kumi na saba. Vani imekwenda getini yenyewe bila kuambiwa.

Julai 4

Joto. Sikukuu ya uhuru. Fataki zimepigwa marufuku kwa ukame, na zinalia kila upande.

Nimekula kwa akina Dale. Mbavu za nguruwe, viazi, ile keki ya ndimu. Walikuja ndugu zake kutoka mjini, magari yamepangwa mpaka kwenye njia ya miguu. Mimi nimeketi katikati yao na kizibao changu cha kijani, nina sahani mapajani. Dale akainua kopo: "Kwa Orrin! Mwenyeji bora kuliko wote, na kwa shemeji yetu anayejaribu!" Wakacheka. Nami nikacheka.

Wakati narudi, vani ikanikuta njiani ikielekea nje. Lorna akashusha kioo.

"Mwenzangu, pale namba tisa nimehesabu mpaka vidole vikaniishia."

"Ni wageni wa sikukuu."

"Aa." Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa jambo gumu na hatimaye akalielewa. "Kumbe sisi si wageni."

Nimekasirika hadi sasa. Nani kamtuma kuhesabu? Mimi ndiye ninayehesabu hapa.

Julai 5

Bado nimekasirika.

Julai 11

Choo cha wanaume. Sina la kusema.

Julai 15

Nimekutana na Renae bombani. Kanipita bila salamu, kisha akarudi, ndoo mkononi.

"Ili ujue tu. Polisi wamemfukuza mama pale dukani. Mara ya pili. Sasa analala kwenye kasino, kule barabara kuu."

"Huko ni mbali."

"Ndiyo, ni mbali." Nikafunga bomba lililokuwa linachuruzika. Akaenda zake.

Kasino huwaachia watu kulala kwenye magari, kila mtu anajua. Wanatumaini utaingia ndani ucheze kamari. Ni nusu saa ya msitu kwenda na nusu saa kurudi, na kulungu alfajiri wamejaa barabarani kama mbuzi wasio na mchungaji. Nilitaka kumwambia Renae kwamba mama yake aendeshe polepole. Nikaona nitaonekana nauma na kupuliza.

Julai 26

Joto, moshi wa misitu inayoungua upande wa Kanada. Jua limekuwa jekundu mchana kutwa. Akina Renae wamerudi tena kumi na saba baada ya wiki yao ng'ambo ya ziwa. Nimemwota Orrin akiisawazisha trela, kila akimaliza inainama upande mwingine.

Julai 31

Leo alipopita niliinua vidole kwanza mimi. Viwili. Aliduwaa, akapiga honi kidogo.

Agosti 3

Nitaandika yote.

Asubuhi vani haikupita. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi na kahawa yangu, na nilipoitazama saa ndipo nikajua kwamba kila asubuhi nimekuwa nikiisubiri. Cody na Renae walikuwa wameshakwenda kazini. Simu za mkononi hazishiki mtandao kambini, iliyopo ni simu ya mezani ya mwenyeji, nayo ikalia. Mwanamke wa hospitali akauliza kama kuna jamaa wa Lorna Pruitt katika kambi yetu.

Nikasema, "Ndiyo, nipo." Ulimi ulitangulia.

Nimeendesha Buick kwa mwendo ambao Orrin angenipigia kelele. Njiani niliiona vani. Ilikuwa mtaroni, uso umebonyea mpaka kwenye viti, ule mlango wa rangi nyingine umefunguka. Pazia la maua lilikuwa linaning'inia nje. Kulungu alilala pembeni, dume kubwa, na wanaume wawili walikuwa wanabishana nani achukue nyama. Godoro lilikuwa barabarani. Nikasimama nikalivuta mpaka kwenye nyasi. Sijui kwa nini. Sikuweza kuliacha magari yalikanyage.

Hospitalini Lorna alikuwa amefungwa plasta mkononi, mbavu mbili zimevunjika, uso umevimba kama umeumwa na nyuki. Aliponiona alitabasamu kwa upande mmoja.

"Hata huku umekuja na kizibao."

Kweli nilikuwa nimekivaa. Nikakivua, nikakosa pa kukiweka, nikakikalia.

"Pole sana," nikasema. "Ilikuwaje?"

"Nilisinzia kidogo. Wiki nzima sijalala, vijana wanapiga muziki kule uwanjani. Nikafumbua macho, bwana mwenye pembe huyu hapa." Akatulia akavuta pumzi, kuvuta pumzi kulikuwa kazi. "Gari limekufa kabisa?"

"Limekufa."

"Basi yamebaki mawili, mwenzangu. Tumeshatii sheria."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejibu, majibu ninayo. Alisema kama mtu anayenipa habari njema niliyokuwa naisubiri muda mrefu. Nikatoka nje nikasimama karibu na mashine ya soda, na hapo nikalia, kwa mara ya kwanza tangu Februari. Sikumlilia Orrin. Nililia kwa aibu, na nilikuwa na hasira kwamba nina aibu. Nilijifunza kuhesabu mpaka mbili na nikajiona nina akili.

Agosti 6

Nimemchukua Lorna kwenye trela. Kitanda cha Orrin kipo, kilikuwa na masanduku juu yake. Renae alisimama mlangoni akiwa amebeba mfuko wa nguo za mama yake, hajui anipe au asinipe.

"Kwa nini?" akauliza.

"Chumba hiki kina mlango, kina kitanda, hakina usukani."

Hakucheka. Akanipa mfuko.

Agosti 9

Lorna anakoroma. Anatia chumvi kwenye kila kitu kabla ya kuonja. Anaongea na ndege.

Agosti 12

Alikuwa anapika kwenye shule ya msingi miaka na miaka, mpaka nyonga ikakataa. Kisha mwenye nyumba akauza nyumba. Ni hayo tu, hakuna mkasa. Nilikuwa nasubiri mkasa. Nilitaka awe amefanya kosa fulani, ulevi, kamari, lolote, ili mimi na yeye tutofautiane kwa kitu kingine zaidi ya kizibao.

Akaiona kadi kwenye msumari. "Hii ya nani?"

"Ya Orrin. Ya gari la pili."

"Ina maana kiwanja hiki kilikuwa na nafasi ya gari moja zaidi? Tangu Juni?"

Nikawa naosha kikombe. Nilikiosha mno. Hakuniuliza tena, na usiku ule hakukoroma, kwa hiyo najua hakulala.

Agosti 13

Tangu Juni. Ilikuwa inaning'inia hapo tangu Juni, naipita kila nikitoka. Haikunijia hata siku moja akilini. Hilo ndilo linaloniuma, ningekuwa nimekataa kwa makusudi ningejielewa.

Agosti 21

Ijumaa. Pikapu ya Brent na mashua. Nikavaa kizibao nikaenda namba tisa.

"Dale, hilo la tatu liende getini."

Alikuwa anasafisha jiko la kuchomea nyama. Akadhani natania. "Sawa afande!"

"Sitanii."

"Shemeji. Ni Brent. Umemwona tangu ana nepi."

"Nimemwona. Sasa ana pikapu. Apeleke getini, kuna hatua chache tu, na miguu yake mizima."

Akaweka brashi chini. Watu wa viwanja vya jirani wakawa wanatazama ziwa kwa bidii sana. Huku kwetu mtu akitaka kusikiliza ugomvi hutazama ziwa.

"Orrin asingenifanyia hivi," akasema kwa sauti ya chini.

"Orrin amekufa, Dale."

"Najua amekufa. Nilibeba jeneza." Uso umemwiva. "Na yule bibi anayelala kwako tangu mwanzo wa mwezi, yeye kaandikwa wapi? Maana kama tunahesabu, tuhesabu wote."

"Mhesabu."

"Nitamhesabu."

Brent akaondoa pikapu huku akikanyaga mafuta, kokoto zikaturukia. Nilirudi nikiwa na furaha chafu. Lorna akaniambia mimi ni mpumbavu. "Umemfuata kwa ajili yangu au kwa ajili yako?" Nikamwambia anyamaze ale. Akatia chumvi.

Agosti 25

Brenda kaja, kakaa kwenye ncha ya kiti. Alianza na hali ya hewa. Mtu wa hapa akianza na hali ya hewa na mbingu iko tupu, jiandae.

"Tumepata malalamiko, Mama Verna. Mgeni wako amepitisha siku kumi na nne."

"Mkono umevunjika. Aende wapi?"

"Naelewa. Kweli naelewa." Akazungusha pete kidoleni. "Na mwakani... makao makuu wanafikiria kujaribu watu wengine hapa namba moja. Mume na mke. Kazi ni nyingi kwa mtu mmoja."

"Waliniona ni mmoja tangu Mei."

"Ndiyo."

"Lakini kompyuta ilitoa kadi mbili."

Nilimwona anakaribia kulia na sikumsaidia. Kuna siku mtu anachoka kuwasaidia wanaomwumiza.

Agosti 28

Pikapu ya Brent imerudi namba tisa. Kwenye kioo ina kadi ya manjano sijawahi kuiona, imeandikwa "Mgeni maalumu," imesainiwa ofisini. Nimesoma herufi zote mara kadhaa.

Lorna amehamia kwenye hema la Renae, ng'ambo ya ziwa. Analala kwenye viti vya gari vilivyong'olewa.

Septemba 7

Siku ya Wafanyakazi, ambayo huku kwetu ni Septemba. Msimu umekwisha. Dale alipunguza mwendo mbele ya trela, akapiga honi, akapunga mkono kama hakuna kilichotokea. "Mwakani, shemeji!" Mkewe aliacha keki juu ya meza yangu, imefunikwa kwa karatasi ya alumini. Nimewapa kindi. Hata kindi wameacha nusu.

Septemba 12

Renae na Cody wamekwenda kwenye mavuno ya bitiruti za sukari, huko tambarare, magharibi. Kila anayeishi juu ya magurudumu huenda huko vuli: shifti ndefu, kampuni inatoa kiwanja. Wamenunua kitrela kidogo kibovu kwa ajili ya baridi. "Njoo," Renae akasema. "Wanatafuta watu mpaka vikongwe." Lorna kutoka ndani ya pikapu: "Ananikusudia mimi. Wewe ni mkongwe mwenye uzoefu."

Nikasema mimi nina kwangu pa kwenda majira ya baridi, nyuma ya ghala la kaka yangu, kama kila mwaka.

Septemba 19

Jalidi ya kwanza. Bomba la choo cha wanawake limepasuka.

Septemba 27

Curtis kaja. Kaunganisha trela kimyakimya, kisha akasema huku anakaza mnyororo, mgongo umenigeukia.

"Shangazi, kuhusu nyuma ya ghala. Mwaka huu tumepangisha. Watu wa mjini wanalaza mashua zao pale."

"Mashua."

"Wanalipa vizuri, shangazi. Tungekuambia mapema, ila ulikuwa na mambo ya Orrin."

"Hakuna hata pembe moja?"

"Zimepangwa kwa hesabu. Ikiongezeka moja, milango haifunguki." Akageuka. Alikuwa na aibu, namsifu kwa hilo. "Naweza kukuvuta popote unapotaka. Popote kabisa."

Brenda alikuja kuchukua kizibao na funguo. Kadi moja nikampa. Nyingine nikamwambia imepotea.

Septemba 29

Popote ni huku. Nchi bapa kama meza, matope meusi, malori ya bitiruti yanapita mchana na usiku, hewa inanuka udongo na kitu kitamu kilichooza. Curtis alinifikisha jioni kwenye kiwanja cha akina Renae, mimi nikimfuata na Buick, akaitua trela ubavuni mwa kitrela chao, akanibusu shavuni, akakimbilia barabarani. Nimejiandikisha kazini. Nitasimama kwenye mashine kukinga bitiruti za kupimwa. Viwanja vya wafanyakazi vimejaa. Nimeandikwa kwenye foleni.

Lorna alinipikia supu. Nilitia chumvi mwenyewe kabla ya kuonja, akapiga makofi.

Septemba 30

Mchana alikuja mwanamke mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, anaendesha kigari cha umeme kama changu. Wa rika langu. Trela yake iko pale langoni, ina vyungu vya maua. Nilijua atasema nini kabla hajasimama, hata namna atakavyoshika usukani.

"Habari za mchana. Hapa naona vitu vingi."

"Pikapu moja tu," Renae akasema. "Gari langu liko maegeshoni kama mlivyotaka."

"Pikapu na kitrela, viwili. Kiwanja kimejaa. Hii trela kubwa na Buick ni za nani?"

"Zangu," nikasema. "Lakini trela haihesabiwi. Haina injini. Nilikuwa mwenyeji wa kambi, naijua hii kazi."

"Hapa chenye namba ya usajili kinahesabiwa." Hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa amechoka, na miguu inamuuma, na anaogopa mtu fulani aliye juu yake. Vyote nilivijua. "Maegeshoni unaweza kuiweka. Ila maegeshoni hapalaliwi. Samahani mama, sheria sikuitunga mimi."

Niliangalia ndani ya pochi kama mjinga na kutoa kadi ya Orrin. Aliipokea, akaigeuza huku na huku, akanirudishia.

"Hii ni ya kwingine," akasema.

Cody kabla ya shifti yake ametuvuta mpaka mjini, kwenye uwanja wa magari wa duka kubwa. Nilimwambia Lorna abaki na binti yake kwenye kitrela, kina kitanda cha watu wawili na wao ni watatu lakini watabanana. Akakataa. Akaketi nami mbele kwenye Buick, kioo chini, akituelekeza mimi na Cody: si hapo, hapo taa inapiga machoni, si hapo, hapo ndipo malori ya mkate yanapogeukia, pale mwisho, na mlango uelekee ukutani wasione mwanga. Ndani tumefunga mapazia. Jua linazama nyuma ya mlima wa bitiruti na baridi inapanda kutoka kwenye lami.

Nilikaa kitandani nikainama kufungua kamba za viatu. Lorna akanishika mkono.

"Usivue," akasema. "Watakuja kugonga. Ukivua viatu umelala. Ukiwa navyo umekaa tu."

Nilimtazama kama ananisuta. Hakuwa ananisuta. Alikuwa ananifundisha.

Naandika haya nikiwa nimejilaza juu ya blanketi, viatu miguuni.